Lafudhi kama Chombo cha Upelelezi: Hercule Poirot katika Uigizaji wa Finney, Ustinov, Suchet, Branagh na Malkovich

Ikisiri

Hercule Poirot, mpelelezi aliyebuniwa na Agatha Christie, ni Mbelgiji anayefanya kazi yake kwa Kiingereza. Makala haya yanalinganisha namna waigizaji watano, yaani Albert Finney, Peter Ustinov, David Suchet, Kenneth Branagh na John Malkovich, walivyoishughulikia lafudhi yake katika filamu na televisheni kati ya 1974 na 2023. Hoja kuu ni kwamba katika riwaya lafudhi hiyo ni chombo cha upelelezi: humfanya Poirot adharauliwe, na dharau hiyo huwalegeza watu ndimi. Uigizaji unaoigeuza kuwa pambo au kichekesho humpunguzia mhusika sehemu ya akili yake. Makala yanahitimisha kwa kuonesha maana ya jambo hili kwa kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili katika filamu za kigeni na kwa sera ya lugha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanapoijadili riwaya ya upelelezi huanza na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na ni haki yao. Nyuma ya Bwana Msa humwona Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle: kiko mdomoni, rafiki wa kuandamana naye, na hoja ndefu inayojengwa juu ya jambo dogo ambalo wengine wamelipita bila kuliona. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, yuko mpelelezi mwingine mwenye mengi ya kufundisha. Holmes ni mwenyeji wa London, na Kiingereza ni chake. Hercule Poirot ni mgeni anayeutafuta ukweli katika lugha isiyo yake, mbele ya watu waliokwisha kumpima kwa matamshi yake kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Poirot aliingia katika fasihi mwaka 1920, katika riwaya ya The Mysterious Affair at Styles, akiwa polisi mstaafu aliyeikimbia nchi yake baada ya Ujerumani kuivamia Ubelgiji mwaka 1914. Hali hiyo ilikuwa na mizizi katika historia: takriban Wabelgiji 250,000 walipata hifadhi Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Christie alimwandika katika riwaya 33 na hadithi fupi zaidi ya 50, hadi ilipochapishwa Curtain mwaka 1975, na gazeti la The New York Times likatangaza kifo chake katika ukurasa wa kwanza kana kwamba alikuwa mtu aliyepata kuishi.

Mazungumzo kuhusu waigizaji wake aghalabu huishia kwenye masharubu: ya nani yalikuwa mazito, ya nani yaliaminika. Makala haya yanauliza jambo jingine. Kila mwigizaji aliifanyia nini lafudhi ya Poirot, na uamuzi huo uliibadilisha vipi akili ya mhusika? Watatu kati ya watano waliigiza kisa kimoja, Murder on the Orient Express: Finney mwaka 1974, Suchet mwaka 2010 na Branagh mwaka 2017. Kisa hicho ndicho msingi wa ulinganisho. Ustinov na Malkovich wanaingizwa kwa sababu wamesimama kwenye ncha mbili zinazopingana: mmoja aliikuza lafudhi, mwingine aliififisha.

Swali hili si la ladha tu. Rosina Lippi-Green, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1997, alionesha jinsi filamu za katuni za Disney zinavyowagawia wahusika lafudhi kwa namna inayowafundisha watoto nani wa kuaminiwa na nani wa kuogopwa. Poirot ni kisa adimu kwa upande wa pili: mwenye lafudhi ya kigeni ndiye mwenye akili kupita wote. Kwa hiyo namna anavyosikika ni kipimo kizuri cha imani ya watengenezaji wa filamu kuhusu lugha na akili.

2.0 Lafudhi katika riwaya

Msomaji makini wa Christie hugundua jambo lisilo la kawaida katika usemi wa Poirot. Hutumia Kifaransa kwa maneno mepesi kabisa, kama vile "mon ami" na "eh bien", kisha hufafanua mambo mazito ya sheria, nafsi na mantiki kwa Kiingereza kisichomshinda. Mwenye kujifunza lugha ya pili huanza na salamu na viitikio. Mambo hayo ndiyo huyamudu mapema, na dhana nzito ndizo humrudisha kwenye lugha ya kwanza. Ubadilishaji msimbo wa Poirot umekwenda kinyume. Mtu angeweza kuliona jambo hili kuwa udhaifu wa mwandishi, ambaye alihitaji kumfanya mhusika asikike Mfaransa bila kumpoteza msomaji Mwingereza.

Riwaya ya Three Act Tragedy, iliyotoka katikati ya miaka ya 1930, inatoa maelezo mengine. Mwishoni mwake Poirot anakiri kwamba anaweza kuzungumza Kiingereza sanifu apendapo, ila Kiingereza cha kuungaunga kina faida kubwa: Waingereza wakikisikia humdharau msemaji, na wakimdharau huacha kujilinda. Hata majigambo yake ameyaweka kwa makusudi hayohayo. Ungamo hilo linabadilisha usomaji wa riwaya zote zilizotangulia. Vijineno vya Kifaransa si mabaki ya lugha ya kwanza yaliyomponyoka. Ni ishara zilizopangwa. Ukosefu wa ufasaha ni sehemu ya umahiri wake.

Tena Poirot hasikilizwi tu, husikiliza. Katika Murder on the Orient Express, riwaya ya mwaka 1934, dalili kadhaa ni za kiisimu. Usiku wa mauaji sauti kutoka chumba cha Ratchett inamjibu mhudumu wa behewa kwa Kifaransa, ilhali Ratchett hakujua lugha yoyote ya kigeni. Hanchifu iliyotariziwa herufi H inawapeleka wasafiri kwenye majina yanayoanza kwa H, mpaka inapokumbukwa kwamba katika alfabeti ya Kirusi umbo hilo husomwa N, na mwenye hanchifu ni Natalia. Mjakazi wa Kijerumani anahojiwa kwa Kijerumani. Behewa zima ni mkusanyiko wa lugha, na anayelielewa ni mtu anayeishi baina ya lugha. Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Poirot ni mgeni wa aina hiyo: huona yale ambayo mwenyeji ameyazoea hadi hayaoni tena.

Kutokana na hayo, uigizaji wowote wa Poirot unaweza kupimwa kwa maswali matatu. Je, lafudhi inawafanya wahusika wengine wamdharau? Je, dharau hiyo inamletea taarifa? Na je, hadhira inapewa nafasi ya kugundua kwamba nayo ilimdharau?

3.0 Waigizaji watano

3.1 Finney: lafudhi kama shinikizo

Albert Finney alikuwa hajafikisha umri wa miaka 40 Sidney Lumet alipomwongoza katika filamu ya 1974. Alizamisha shingo mabegani, akabana sauti, na kuyatoa maneno kwa kasi na ukali. Baadhi ya sentensi zake ni ngumu kufuatika hata kwa msikilizaji mzoefu. Wengi wamelihesabu hilo kuwa dosari, lakini katika mahojiano lina kazi. Finney hubadilisha mwendo wa sauti kulingana na anayehojiwa: kwa mmoja hunong'ona, kwa mwingine hupaza sauti ghafla, na msafiri anayehangaika kuelewa swali hana muda wa kutunga uongo.

Ubora wa filamu hii unaonekana zaidi katika mahojiano ya Greta Ohlsson, mmisionari wa Kiswidi aliyeigizwa na Ingrid Bergman. Kamera inabaki juu ya uso wake karibu wakati wote anapojieleza, kwa Kiingereza cha kusitasita, kuhusu kazi yake ya kuwahudumia watoto wa Kiafrika. Bergman alipata tuzo ya Oscar kwa uigizaji huo. Hapo wanakutana wageni wawili wa Kiingereza. Ohlsson anajificha nyuma ya lugha dhaifu, na Poirot, ambaye ufundi huo ni wake, anamsikiliza kwa upole usio wa kawaida. Jambo moja linahitaji kusemwa na mhakiki wa Afrika: filamu inamcheka Ohlsson kwa jinsi anavyowazungumzia watoto hao, lakini watoto wenyewe hawana lugha yoyote ndani yake. Wao ni maneno katika kinywa cha mtu mwingine.

3.2 Ustinov: lafudhi kama burudani

Peter Ustinov alimwigiza Poirot mara sita, kuanzia Death on the Nile ya 1978 hadi Appointment with Death ya 1988. Kati ya watano hawa yeye ndiye aliyekuwa mtu wa lugha nyingi tangu utotoni. Alizaliwa London katika familia yenye asili ya Kirusi na Kijerumani, na Kifaransa alikimudu vizuri. Mtu angetegemea lafudhi yenye utafiti. Alichotoa ni lafudhi ya mwenyeji wa karamu: pana, tamu, iliyojaa mizaha. Utani wa kumwita Mfaransa na yeye kusahihisha kwamba ni Mbelgiji unarudiwa kama kibwagizo.

Poirot huyu anapendeka kuliko wote, na hapo ndipo penye tatizo. Wahusika wenzake wanamfurahia badala ya kumdharau, na hadhira inacheka pamoja nao. Mtego uliokusudiwa na Christie haufyatuki. Katika filamu za televisheni za miaka ya 1980 hadithi zilihamishiwa zama hizohizo, na mpelelezi aliyetokana na vita vya 1914 akabaki bila historia. Lafudhi isiyo na safari nyuma yake hugeuka vazi. Hata hivyo, historia ya uigizaji huu ina deni kwa Ustinov: katika Thirteen at Dinner ya 1985, Inspekta Japp aliigizwa na kijana wa jukwaa la Shakespeare aliyeitwa David Suchet.

3.3 Suchet: lafudhi kama nidhamu

Suchet alianza kumwigiza Poirot katika televisheni ya ITV mwaka 1989 na kumaliza mwaka 2013, baada ya vipindi 70. Hakuna mwigizaji mwingine aliyekaa na mhusika huyu kwa muda wa kutosha kumzeesha. Ameeleza kwamba kabla ya kuanza alisoma riwaya na kuorodhesha sifa 93 za Poirot, na kwamba aliipandisha sauti yake nzito kutoka kifuani hadi kichwani, mahali ambapo mtu mwenye kuishi kwa fikra angezungumzia. Hii ni kazi ya mwanafonetiki kama ilivyo ya mwigizaji.

Matokeo yake ni lafudhi yenye kanuni. Haipandi panapohitajika kicheko na kushuka panapohitajika huzuni. Kwa kuwa haibadiliki, mabadiliko ya mtu mwenyewe yanasikika. Katika miaka ya mwanzo, akiwa na Hastings wa Hugh Fraser, Japp wa Philip Jackson na Bi Lemon wa Pauline Moran, lafudhi hiyo imo katika familia ndogo ya kikazi iliyokwisha kuizoea. Wanaodharau ni watu wa nje, washukiwa, na dharau yao humletea taarifa. Hivi ndivyo riwaya zinavyofanya kazi.

Kipindi cha Murder on the Orient Express cha 2010 kinakwenda mbali zaidi. Poirot huyu ni Mkatoliki mwenye rozari mkononi, anayeamini sheria kwa ukali unaotisha. Anapowakabili abiria waliojichukulia sheria mikononi, anapaza sauti, na maneno yale yale ambayo miaka ishirini nyuma yalichekesha sasa yanauma. Hadhira haicheki. Mhusika hakujirekebisha ili aheshimiwe. Masikio ya wasikilizaji ndiyo yaliyofunzwa. Katika sanaa ya televisheni huu ni ushahidi adimu kwamba heshima kwa lafudhi ni suala la mazoea, na kwamba mazoea hujengwa.

3.4 Branagh: lafudhi kama alama ya shujaa

Kenneth Branagh aliziongoza filamu zake mwenyewe: Murder on the Orient Express mwaka 2017, Death on the Nile mwaka 2022 na A Haunting in Venice mwaka 2023. Lafudhi yake ni nzito, na masharubu yake ni makubwa kuliko ya watangulizi wake. Lakini filamu ya kwanza inafungulia Jerusalem, ambako Poirot anafumbua wizi hadharani mbele ya umati, katika kesi inayowahusu rabi, kasisi na imamu. Kabla garimoshi halijaondoka, kila mtu anajua yeye ni nani. Baadaye anamkimbiza mshukiwa chini ya daraja na kupigwa risasi mkononi.

Kwa kipimo cha maswali matatu yaliyotajwa, uamuzi huo unaiondolea lafudhi kazi yake. Mtu aliyetangazwa kuwa bingwa hawezi kudharauliwa, na asiyedharauliwa hapati faida ya dharau. Branagh anajaribu kuijaza nafasi hiyo kwa historia: Death on the Nile inaanzia katika mahandaki ya vita nchini Ubelgiji, na masharubu yanaelezwa kuwa kifuniko cha kovu. Wazo hilo lina uzito wake, kwa maana linamrudishia Poirot vita vilivyomfanya mkimbizi. Lakini jeraha limewekwa usoni, si katika lugha. Kijana yule wa mahandakini alijifunzaje Kiingereza, na alipoteza nini alipojifunza? Filamu haiulizi.

3.5 Malkovich: lafudhi inayofifia

The ABC Murders ya BBC, iliyoandikwa na Sarah Phelps na kuoneshwa Desemba 2018, inamweka Poirot wa John Malkovich katika Uingereza ya mwaka 1933, yenye mabango na beji za mafashisti. Poirot amezeeka, amesahauliwa, na polisi kijana hamtaki. Malkovich anazungumza kwa upole na lafudhi hafifu, ya mtu aliyeishi ugenini karibu miaka ishirini. Kiisimu jambo hili linaaminika kuliko lafudhi za wengine. Wahamiaji wengi hupunguza lafudhi yao kadiri miaka inavyopita, wengine kwa mazoea na wengine kwa woga.

Hapa kuna hasara na faida. Hasara ni kwamba Phelps alimfanya Poirot kuwa kasisi wa zamani, si polisi, na pamoja na historia hiyo mpya chombo cha upelelezi kinatoweka: huyu hatumii ugeni wake, anauficha. Katika riwaya ya 1936 muuaji anaponzwa na dharau yake kwa wageni, na Poirot anaisoma dharau hiyo ndani ya barua zake. Katika tamthilia hii dharau imetapakaa mitaani hata haiwezi tena kuwa dalili dhidi ya mtu mmoja. Faida ni kwamba Malkovich anauliza swali ambalo wenzake waliliruka: lafudhi humgharimu nini mwenye nayo? Kimya chake mbele ya matusi kinaeleza zaidi ya vipindi vingi vya mizaha.

4.0 Mjadala: nani ana ruhusa ya kufikiri kwa lafudhi?

Ulinganisho unaonesha kwamba waigizaji hawa hawatofautiani kwa wingi wa lafudhi. Branagh na Suchet wote wana lafudhi nzito, lakini kazi inayofanywa na lafudhi hizo si moja. Tofauti iko katika mahali pa kicheko. Kwa Ustinov lafudhi ni mwisho wa kicheko: inachekwa, na hadithi inaendelea. Kwa Finney na Suchet ni mwanzo wa mtego: inachekwa, na aliyecheka anakamatwa. Suchet anawazidi wote kwa sababu alipewa muda wa kuikamata hadhira nayo.

Jambo hili lina mwangwi katika maigizo ya Kiswahili. Katika Vitimbi, mchezo wa miaka mingi wa televisheni ya taifa ya Kenya, marehemu Benson Wanjau alimwigiza Mzee Ojwang kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Kama Suchet, aliibeba lafudhi ya wengine kwa nidhamu na kwa miaka mingi, na watu wakampenda. Lakini Ojwang aliwekwa katika tanzu ya vichekesho. Swali la haki kwa watafiti na wasanii wa kanda hii si kama lafudhi za Kijaluo, za Kikongo au za Kiganda zisikike katika tamthilia, zinasikika tayari. Swali ni kama mwenye lafudhi hiyo huruhusiwa kuwa daktari, hakimu au mpelelezi anayefumbua kisa, au yeye ni mlinzi wa geti tu.

Kazi ya kuingiza sauti inalikuza swali hilo. Chukua Poirot wa Suchet atakayezungumza Kiswahili. Njia nyepesi ni kumpa Kiswahili sanifu kisicho na lafudhi. Hapo mtego wote unapotea, na riwaya inabaki bila injini. Njia ya pili ni kumpa Mbelgiji huyu Kiswahili cha Lubumbashi, kwa kuwa Kifaransa ndiko kilikokutana na Kiswahili. Lakini Mbelgiji anayezungumza Kiswahili si jambo la kubuni huko. Maofisa, wamisionari na wasimamizi wa migodi ya Katanga walikitumia kutoa amri hadi ukoloni wa Kibelgiji ulipokoma mwaka 1960. Sikio la Kikongo likimsikia Poirot namna hiyo halitasikia mkimbizi anayedharauliwa. Litasikia bwana mkubwa. Mahusiano ya nguvu yatapinduka, na dharau iliyomsaidia Uingereza itageuka kuwa hofu. Njia ya tatu, ambayo makala haya yanaiona kuwa bora, ni kujenga Kiswahili cha mgeni kisicho cha jamii yoyote ya kanda: upatanisho wa kisarufi unaoteleza mahali maalumu, utaratibu wa maneno usiozoeleka, adabu iliyopita kiasi, na vijineno vichache vya Kifaransa. Kiwe na kanuni, na kanuni hizo ziandikwe kabla ya kurekodi, kama Suchet alivyoandika orodha yake.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonesha kwamba lafudhi ya Poirot ni sehemu ya hoja ya Christie kuhusu akili: wanaopima akili kwa matamshi hujinyima ukweli, na wakati mwingine hujikamatisha. Finney aliitumia kama shinikizo, Ustinov kama burudani, Suchet kama nidhamu, Branagh kama alama ya shujaa, na Malkovich kama jeraha linalofichwa. Wa tatu ndiye aliyeihifadhi hoja kwa ukamilifu. Wa tano aliiongezea swali ambalo riwaya zenyewe hazikulikazia.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, idadi ya lafudhi za Kiswahili zinazokutana katika mikutano, mahakama na vyombo vya habari vya kanda iliongezeka sana. Kutokana na hali hiyo mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama, yakishirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yaandae mwongozo wa kuingiza sauti unaoitambua lafudhi kama sehemu ya maana, badala ya kuiona kama kosa la kusafishwa. Pili, vyombo vya utangazaji vinavyofadhiliwa na umma vichunguze mgawanyo wa lafudhi katika tamthilia zao kwa kuangalia kazi na hadhi ya wahusika, kisha vichapishe matokeo. Tatu, vyuo vinavyofundisha sanaa za maonesho viwafundishe waigizaji fonetiki ya aina mbalimbali za Kiswahili, ili anayeiga lafudhi ya jirani aiige kwa elimu.

Mapendekezo hayo hayagharimu kiasi kikubwa. Kuyaacha kuna gharama yake: katika jumuiya inayotaka kuamua mambo yake kwa Kiswahili, shahidi, mkulima au mjumbe anayechekwa kwa matamshi yake atanyamaza. Tofauti na Poirot, yeye hatakuwa amepanga kuchekwa, na alichokuwa anakijua kitabaki naye.